Vijiti Viwili vya Karani

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, bwana samaki, yule afisa wa uvuvi, alipofungua faili mbele ya wavuvi pale dikoni wanaposhushia samaki, na kuwapongeza.

“Diko hili linaongoza,” alisema. “Matenga kumi na moja ya vibua, karibu kila siku. Kwa hiyo wakubwa wameziongezea zile meli mbili za uvuvi kibali cha mwaka mzima. Samaki wapo tele.”

Wavuvi walitazamana. Meli hizo zilikuwa zimekomba bahari, wao wanarudi na maji tu ya ndani ya mashua. Asubuhi hiyo mashua nne zilileta nusu tenga.

“Tele wapi, bwana mkubwa?” aliuliza nahodha mmoja, shemeji yake Karani. “Kwenye hilo faili?”

Wakacheka, ila si kwa furaha.

Karani hakucheka. Ukarani wenyewe aliupata kwa sababu yeye peke yake alifika darasa la nne; kazi yake ilikuwa kuandika matenga yanayoshushwa. Alisogea akachungulia. Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja, zimechapwa ukurasa mzima.

Maishani mwake hajawahi kuandika kumi na moja. Aliandika vijiti viwili. Marehemu mkewe ndiye aliyemwonyesha: ikiwa ni kama ya juu, usijichoshe, chora vijiti viwili vya kusimama. Mwezi wa sita wote alianza na sifuri juu ya ukurasa, akashuka na vijiti mpaka chini.

Akinyamaza, meli zinabaki. Akisema, wenzake watasema yeye ndiye aliyewapotezea samaki.

“Bwana samaki, hiyo si kumi na moja. Ni vile vile.”

“Vile vile nini?”

“Vile vile hakuna.”

Nahodha akamgeukia. “Shemeji, yaani ni wewe?”

Karani hakujua. Ni yeye? Ni marehemu, aliyekuwa anamhurumia mkono? Ni aliyechapa, akasoma vijiti kuwa kumi na moja? Wenye meli, je? Kila alipomshika mmoja, mwingine alichomoza. Kichwa kilimzunguka kama mlevi, na hajaonja kitu.

Bwana samaki alifunga faili. “Takwimu zikishafika juu, mzee wangu, mimi sina la kufanya. Ungeandika vizuri.”

“Sawa, mimi mjinga,” Karani alisema. “Lakini ofisi yenu ile pale, bati lake naliona. Miaka miwili, mbona hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuchungulia tenga?”