Vazi Lisilo na Zipu

Lilikuwa vazi la mtindo wa zamani, vilevile linavyochorwa kwenye vitabu vya katuni: buluu ya kubana mwili mzima, nyota ya dhahabu kifuani, joho jekundu, na chupi nyekundu juu ya suruali. Wewe ukitoka hivyo nyumbani, majirani watakutafutia daktari wa akili. Shujaa akitoka hivyo kwenye filamu, ukumbi mzima unameza mate.

Mwongozaji wa filamu aliyakataa mavazi ya kisasa ya mpira mweusi, akisema yanamfanya shujaa aonekane kama tairi. Alitaka mwili na rangi, basi. Zipu isionekane. Kwa hiyo kila asubuhi fundi cherehani alimshona mdogo wake ndani ya vazi, mgongoni, kwa mkono, kama mtu anayefunga mdomo wa mto wa kulalia.

Kazi ya mdogo mtu ilikuwa kuruka na kuanguka badala ya nyota wa filamu. Mkanda mnene wa kumning'iniza hewani ulituna chini ya nguo, watu wakamcheka kuwa ni shujaa mwenye nundu. Mwongozaji akaleta mwembamba. Fundi alinuna kuwa hautamhimili, mdogo wake akamwambia aache uzee, yeye si gunia la viazi.

Mkanda mwembamba ulikatika akiwa karibu na dari. Aliangukia ukingoni mwa godoro, chali.

Muuguzi wa studio alikataza asigeuzwe. Lakini vazi lilimbana kifua, pumzi haishuki, na mshono wote ulikuwa chini yake. Ilibidi likatwe kwa mbele. Mwongozaji alichuchumaa, akauliza kwa upole kama hakuna njia nyingine, maana vazi ni hilo moja. Fundi alishachukua mkasi.

"Usikate, Dada," mdogo wake alisema kwa shida. "Mbona nimependeza?"

"Umependeza kama ua la plastiki. Nyamaza upumue."

Aliipasua nyota katikati. Kifua kikafunguka, pumzi ikaingia kwa kelele. Muuguzi akamwashiria aendelee hadi miguuni, waone kama kuna mfupa uliovunjika. Kwenye chupi kitambaa kilikuwa mara mbili, mkasi ukagoma. Gotini mkasi uliteleza, ncha ikamchoma ngozi, damu ikatoka. Mdogo wake alikuwa akiangalia taa za darini, uso umetulia kana kwamba hakuchomwa.

"Umefika wapi?" akauliza. "Mbona umesimama?"

Fundi alimtazama muuguzi. Muuguzi akageuza uso.

"Bado niko kiunoni," fundi akasema. Mkasi ulikuwa umeshapita kifundo cha mguu. "Kitambaa chenyewe kigumu."

"Basi nenda taratibu. Ili uweze kuunga baadaye."

"Naenda taratibu, mdogo wangu."

Akaendelea kuufungua na kuufunga mkasi, ili mdogo wake ausikie, mahali ambapo hapakuwa tena na kitambaa.