Kucha Zangu Mbele ya Watu wa Ishiara

Nitasema ukweli, kwa sababu nikiuficha binamu yangu Sheila atausema, tena atautia chumvi. Kucha zangu niliziharibu mwenyewe. Sikulogwa. Nilikuwa nimebandika kucha za bandia, ndefu, za zambarau, zenye vijiwe vinavyometameta, na nilikaa nazo miaka miwili bila kuzipumzisha zangu halisi za chini hata wiki moja. Siku moja nikifunga komeo la lango kwetu hapa Kaaga, ikavunjika moja. Mtu mwenye akili angeenda saluni, vidole viloweshwe, zitoke polepole. Mimi nilikaa kitandani na kitambulisho changu cha taifa, nikapenyeza ncha yake chini ya kila ukucha, na nikazing'oa zote tisa zilizobaki kwa hasira.

Zilitoka na tabaka za kucha zangu. Kilichobaki kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu, kina magamba meupe, na ukucha wa gumba la kulia ulikuwa umeinuka upande mmoja. Maji ya uvuguvugu tu yalinichoma. Kufungua kifungo cha sweta ya mtoto pale shule ya chekechea ninapofundisha ikawa kazi ya kuombewa.

Haya yote yalitokea wiki sita kabla ya mchumba wangu Kithaka kuja kwetu na wazee wake kutoka Ishiara kuleta mahari.

Nilikimbia mjini kwa Gatakaa, mwanamke aliyekuwa akinibandika hizo kucha. Akanishika vidole, akaviinua kwenye mwanga.

"Ulitumia nini, shoka?"

"Gatakaa, aki nibandikie zingine. Hata fupi."

"Nibandike wapi? Hapa hakuna kitu cha kubandikia. Nikiweka gundi hapa, ukucha utatoka na nyama, halafu umsalimie mama mkwe na bendeji."

Akazikata fupi kabisa. Akapitisha tupa laini upande mmoja tu, si kwenda na kurudi kama mtu anayenoa panga, kisha akanipa amri zake. Nipake mafuta ya kukamulia ng'ombe asubuhi na jioni, niyasugue mpaka kwenye mzizi wa ukucha. Nivae glavu nikifua au kuosha vyombo. Nisipake rangi, nisiguse dawa ya kuondoa rangi, nisibanduebandue magamba.

"Na usingoje muujiza," akasema. "Palipoharibika haparudi. Mpya unaota huku chini na kusukuma ule mbovu nje, milimita tatu kwa mwezi."

"Wiki sita zitatosha?"

"Zitatosha kukupa nusu ya heshima."

Sasa, Kithaka ana duka la dawa za mifugo kule Ishiara, na mafuta ya kukamulia amejaza rafu nzima. Sikumwomba hata kopo moja. Nilinunua hapa Meru, na muuzaji aliponiuliza nina ng'ombe wangapi, nikamwambia kumi, wote wagonjwa.

Kwa nini nilimficha mtu ninayetaka kuolewa naye? Kwa sababu tulikutana kwenye harusi mjini Embu, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa kuhusu kucha. "Hizo zikikuna mtu, si atapona?" Ni upuuzi, najua, lakini nilicheka mpaka nikampa namba yangu. Tangu siku hiyo hajawahi kuona kidole changu kitupu. Niliogopa. Niliogopa kwamba anayempenda ni yule wa zambarau, na kwamba akiona mikono hii, yenye vidole vinene kama vya marehemu baba, atagundua ameposa mtu mwingine. Kwa hiyo wiki sita tukipigiana simu za video nilimwonyesha uso tu, na nilipojikuna pua nilitumia mabega.

Siku ikafika. Wenyeji wa huku wanajua mchezo wenyewe. Bibi harusi na wasichana wengine hufunikwa leso kuanzia kichwani, wanasimama mstari, na bwana lazima amchague wake. Akikosea anatozwa mbuzi, halafu anajaribu tena. Kila mwaka mabwana wanazidi ujanja. Mmoja alimjua wake kwa viatu, mwingine alipiga simu ikalia ndani ya leso. Sasa shangazi yangu Kathambi, ambaye tunamwita Tata na ambaye angefaa kuwa afande, alikuwa ametunga sheria mpya.

"Miguu ndani, simu ziko kwangu, na hakuna kukohoa," akatangaza chumbani. "Kitu ataona ni mikono tu. Mikono nje!"

Nikaificha yangu kwapani. Halafu Sheila akatoa yake, na nikaona kucha ndefu za zambarau zenye vijiwe, zile zile zangu za zamani, mpaka kijiwe kikubwa cha kidole cha pete.

"Tata alinipa picha yako nikaenda kwa Gatakaa," akasema, bila hata haya.

"Tata!"

"Nini? Mchezo ni mchezo. Na hiyo mbuzi tutaila wote."

Tukatoka watano. Chini ya leso sikuona kitu ila nyasi na viatu vya watu. Nilisikia kinamama wa Ishiara wakitania, wazee wakisafisha koo. Mikono yangu niliitoa kama nilivyoamriwa, lakini niliikunja ngumi, vidole vyote ndani, vimefichwa. Viatu vyeusi vya Kithaka vikaanza mwanzo wa mstari. Vikanifikia. Havikusimama hata sekunde moja. Vikaenda moja kwa moja kwa Sheila.

"Huyu!"

Leso ikavutwa, Sheila akacheka kama fisi, na watu wa kwetu wakapiga vigelegele vya kushinda mbuzi. Wazee wa Ishiara wakalalamika kwamba wameuziwa ujanja. Nikasimama pale gizani nikiwa nimekasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kumpiga teke. Amenipita! Miaka miwili, na amenipita kama mlingoti wa stima!

Lakini hasira yangu huwa haikai mahali pamoja, na kabla Tata hajamaliza kutupanga upya ilikuwa imenigeukia mimi. Angenijuaje? Nilikuwa nimekunja ngumi. Wiki sita nilipaka mafuta ya ng'ombe ili mtu huyu asione kitu, na sasa nilikuwa nalia kwamba hajaona.

Basi na aone.

Tulipotoka mara ya pili, wanne, nilitoa mikono yangu yote miwili mpaka viwiko, nikapanua vidole kumi mbele ya ukoo mzima wa Ishiara. Chini kucha zilikuwa nyororo na rangi ya waridi, lakini karibu theluthi mbili ya kazi ilikuwa bado. Juu zilikuwa nyeupe, zimechanika, na gumba lile lilikuwa na shimo.

"Ûûi!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama yake Kithaka. "Huyu naye ameliwa na nini?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akauliza kama kwetu tunalimia vidole. Mikono sikuirudisha. Nilivuta tu leso kwa meno isije ikateleza.

Viatu vyeusi vikaja. Vikasimama mbele yangu, na safari hii havikuondoka. Nilihesabu pumzi nne. Kisha mkono wenye harufu ya dawa ya kuogesha ng'ombe ukanishika kifundo cha mkono, taratibu, mbali na kucha.

"Huyu ndiye," akasema Kithaka.

Leso ikatolewa, vigelegele vikapasua masikio, mama yake akaja kunikumbatia huku bado anakodolea gumba langu. Sikupata nafasi ya kumuuliza mpaka tulipoketi na sahani za chakula.

"Ulinijuaje?"

"Sikukujua," akasema, akitafuna. "Hizo kucha mimi sijawahi kuziona."

"Sasa?"

"Wale wengine walikuwa wametoa mikono kama wasichana wanaotafuta bwana. Halafu kuna mmoja ametoa vitu vibaya hivyo, amevipanua mbele ya mama yangu, tena kwa hasira. Nikasema, Kajuju, pole, ni wewe."

Nikanyoosha mkono, gumba bovu likiwa mbele, nikachukua nyama kubwa kuliko zote kwenye sahani yake.