Mshipa Usio na Jirani

Kifuniko cha birika kiligonga mara moja, taratibu, kama kinachoogopa kuamsha watu. Bibi akafumbua macho. Nje bado giza. Alimkuta mumewe, fundi viatu, amesimama jikoni akichemsha chai ambayo mwenyewe alikatazwa kuinywa, maana hospitali walimtaka aje na tumbo tupu.

"Ya nani hiyo?"

Mzee akamsogezea kikombe bila neno. Ndivyo alivyo. Mtaani wanamwita Bwana Kimya, na wajukuu husema babu anaweka maneno akiba.

Mzee alikuwa na uvimbe kichwani, upande wa kushoto, umeukumbatia mshipa mkubwa wa damu. Kabla ya kumpasua, daktari alitaka kujua kama mshipa ule unaweza kufungwa bila kumdhuru.

"Kwa watu wengi," daktari, mama mmoja mpole, alimweleza bibi walipofika hospitali, huku akivifungamanisha vidole vyake, "mishipa ya kushoto na ya kulia imeunganishwa. Mmoja ukizibwa, wa pili unaugawia damu. Mzee wetu kaumbwa vingine. Kwenye picha, kile kiungo hakionekani vizuri."

"Kumbe ni majirani wasioombana chumvi!"

Daktari akacheka. "Au huenda wanapeana kwa siri. Hilo ndilo la kujua leo. Tutapitisha mrija mwembamba kutoka pajani, tuuzibe mshipa kwa kiputo kidogo cha mpira, kwa muda mfupi, naye yu macho anaongea. Maneno yakimpotea, tunafungua papo hapo, na tutajua mshipa ule si wa kuguswa."

"Anaongea?" Bibi akashika kiuno. "Basi daktari, mna kazi."

Kweli walikuwa nayo. Muuguzi alimshika mzee mkono akamuuliza amelalaje. "Vyema." Ana wajukuu wangapi? Akaonyesha vidole.

"Huyu akinyamaza," fundi wa mashine akanong'ona, "tutajuaje kama ni mshipa au ni tabia yake?"

Daktari akamwita bibi nyuma ya kioo, kwenye kipaza sauti. "Mama, hakuna jambo ambalo hawezi kulisikia akanyamaza?"

Bibi akafikiri. Lipo, moja tu.

"Waambie hawa, bwana wee. Siku ile nilipokuja kibandani kwako, kiatu changu kilikatika chenyewe."

"Kwa wembe!" mzee akafoka. "Mkanda uliukata kwa wembe, upate kuniona!"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

Kiputo kikajazwa. "Nibane mkono, babu," muuguzi akasema. Akabana. "Inua mguu." Akainua. Fundi wa mashine akaonyesha dole gumba. Mzee alilala ametulia, kama siku zote.

"Kiatu kilikatika chenyewe," bibi akasema.

Kimya.

"Nasema chenyewe! Na wewe ndiwe uliyenifuata."

Midomo ya mzee ikacheza. Macho yakahangaika kumtafuta.

"Fungueni," bibi akasema. Hakupaza sauti. "Huyo hajanyamaza. Ananijibu, ila jibu halitoki."

Daktari hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Kiputo kikanywea. Bibi akaushika ukingo wa meza, akangoja.

"Kwa... kwa wembe," sauti ikaja, imekwaruza.

Muuguzi akamfuta mzee chozi kwa upole, akageuza uso wake ukutani, mzee asimwone naye akijifuta.

"Mshipa hatuugusi," daktari akasema. "Uvimbe tutaupunguza kandokando ya mshipa. Kipande kilichoung'ang'ania tutakiacha, tuwe tunakiangalia."

"Kiacheni. Tumeshaishi na ving'ang'anizi vingi mle nyumbani."

Baada ya upasuaji, bibi aliporuhusiwa kuingia wodini, alimkuta mzee amefungwa kichwa kwa bandeji, macho yakimtazama. Akakaa. Akamsimulia habari zote: wateja wanaoulizia viatu vyao, jirani aliyefagia kibanda bila kuombwa, mjukuu aliyeng'oka jino. Aliongea mfululizo asiache hata upenyo, maana hakuthubutu kumuuliza neno. Aliogopa asije akajibiwa kwa kimya.

Kengele ya kuwaondoa wageni ikalia. Akainuka, akachukua mkoba. Mkono ukamshika nguo.

"Unakwenda?"

Bibi akajikuta ameketi tena. "Wananifukuza, mzee wangu."

"Leo umeongea peke yako," mzee akasema, pole pole, neno moja moja. "Kesho uje tena."