Sukari Guru Kabla ya Choroko

Wewe unayelea kinyongo na mtoto ndani ya nyumba moja, sikia yaliyompata Mama Samli.

Miaka tisa alipika kwenye kantini ya kiwanda cha nguo. Aliyemng'oa pale ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyemwendea meneja na unywele mkononi, eti kautoa kwenye sufuria ya Mama Samli. Unywele wenyewe mwekundu, na pale jikoni aliyepaka nywele rangi nyekundu ni wifi peke yake! Lakini meneja hakutazama rangi. Mama Samli akarudi nyumbani, wifi akashika mwiko. Kinyongo kikamkaa Mama Samli kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja wifi akaja, kajipamba, sauti ya asali. "Wifi yangu, meneja ana wageni kesho. Anautaka ule wali wako mtamu wa choroko. Nielekeze, tusameheane."

Wali ule alifundishwa na jirani Mhindi, fundi cherehani, na kila akiupika alifunga mlango. Hata binti yake, Chiriku, hakuwahi kuona. Mchele na choroko zilizokobolewa huchemshwa kwanza mpaka vivurugike, ndipo sukari guru iingie. Ukiitanguliza, punje zinagoma. Utachochea mpaka bega ling'oke, hazilainiki ng'o.

"Tusameheane kabisa," alijibu Mama Samli, moyo unamcheka. "Choroko kaanga kidogo. Yeyusha sukari guru kwenye maji, mwanzo kabisa, ndipo umwage mchele na choroko. Mwishoni iliki, korosho na zabibu kavu za kukaangwa kwa samli."

"Sukari mwanzo?"

"Sasa utanifundisha wewe?"

Chiriku alikuwa mlangoni anamenya iliki. Mwaka wa pili huo tangu amalize shule, anazunguka kutafuta kazi mpaka soli zimeisha, na mama yake hakuwa na ombi jingine duniani.

Kesho yake Chiriku alitoka alfajiri, hakuaga. Mama Samli hakujali. Alifua huku anacheka peke yake, anamwona wifi akitimuliwa mbele ya wageni. "Na akome! Ataujua unywele!"

Alasiri Chiriku akaingia na sufuria ndogo kifuani, macho yamevimba.

"Meneja alitaka mpishi wa pili, mama. Shangazi akasema nikipika mimi ule wali, nafasi yangu. Tukakuficha ili ufurahi ghafla. Nilifuata ulivyomwelekeza, neno kwa neno. Chini umeungua, juu mbichi. Mgeni mmoja kauliza kama tumepika kokoto. Meneja kasema nisikanyage tena pale."

"Na shangazi yako?"

"Yupo kazini. Yeye alikaanga kuku, wakamsifu."

Kama wifi alinusa mtego au alitaka wema kweli, Mama Samli hajui mpaka leo, na hana uso wa kumuuliza.

Chiriku akafunua sufuria, akampa kijiko. "Onja. Nilikosea wapi?"

Choroko zikalia menoni. Mama akatafuna, akatafuna, hazikumezeka.

"Hukukosea, mwanangu."

"Basi nani?"

Chiriku akavuta kigoda, akaketi mbele ya mama yake, akingoja jibu.