Presha ya Golikipa

Asubuhi ya mechi, fundi wa matairi alipimwa presha na mkewe, akaambiwa ana kumi na sita kwa kumi.

"Kumi na sita tu, Baba Pacha. Juzi ulikuwa na mia na ishirini. Damu yako imekwenda wapi?"

Alikuwa ameamka mzima wa afya, lakini aliposikia namba ile alirudi kitandani. Mwenyewe akaomba mto. Mkewe akamletea mchuzi wa chumvi tele, akazitupa glavu za mumewe za golini juu ya kabati. Leo golini hasimami.

Kufa fundi hakukuogopa sana. Alimwogopa shemeji yake, muuza viatu, mshambuliaji wa timu ya wenye maduka. Wiki nzima shemeji huyo alipita gereji akiwaambia wateja kwamba golikipa wa mafundi ni tairi kuukuu, halishiki upepo. Fundi asipoonekana uwanjani leo, atasimangwa mpaka kaburini.

Na shemeji huyo akaingia, jezi mwilini.

"Shemeji, umelala? Hata mpira haujaanza."

"Presha imeshuka," dada yake akamwambia. "Kumi na sita."

"Hiyo si presha, dada. Hiyo ni saizi ya kiatu cha mtoto anayetambaa."

"Lete mkono wako tuone wewe una ngapi."

Kumi na saba. Muuza viatu akaitazama ile namba, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Hebu sogea kidogo, shemeji."

Wakalala wawili. Mama Pacha akajipima na yeye: kumi na tano na nusu. Lakini yeye alikuwa ametoka kubeba ndoo za maji, wala hakuhisi hata kizunguzungu.

"Mimi sijafa," akasema. "Mna nini nyie?"

Fundi akavaa miwani, akaisogeza mashine puani. Pembeni mwa kioo palikuwa na herufi ndogo: kPa. Akaanza kucheka mpaka kitanda kikatikisika.

"Mama Pacha, unamkumbuka yule dereva aliyetaka nimjazie mia mbili na ishirini?"

Dereva yule alisoma namba mlangoni mwa gari lake, ya kilopaskali, kPa hizohizo, na pampu ya gereji inasoma pauni. Mia mbili na ishirini zile ni pauni thelathini na mbili tu. Angejaziwa alivyotaka, tairi lingeondoka na paa.

"Ulimcheka mwezi mzima," mkewe akasema. "Leo kosa lake limekulaza wewe."

Karatasi ya mashine ilieleza: kilopaskali moja ni milimita saba na nusu za zebaki, zile za zahanati.

"Kumi na sita mara saba, mia na kumi na mbili," Mama Pacha akahesabu. "Ongeza nusu ya kumi na sita, nane. Mia na ishirini. Ileile ya juzi."

"Na mimi?" akauliza kaka yake kwa sauti nyembamba.

"Mia ishirini na saba na ushee. Toka kitandani kwangu."

"Sasa nani aliigeuza mashine isome kPa?" fundi akauliza.

Mkewe akakumbuka alivyoisugua mashine jana, kidole kikikandamiza kitufe.

"Vumbi," akasema, akapanda kiti kuzishusha glavu.

Jioni, mechi ikielekea ukingoni bila bao, wenye maduka walipata penalti. Shemeji akauweka mpira, akarudi nyuma, akaanza kukimbia.

"Kumi na saba!" fundi akampigia kelele.

Shemeji akaangua kicheko mguu ukiwa hewani. Mpira ukapaa, ukatua nyuma ya vyoo vya uwanja.

Refa akaja kuuliza kumi na saba ni nini.

"Inategemea, bwana refa," shemeji akasema akijifuta machozi. "Unapima kwa kipi?"