Wosia Uliokataa Kufufuka

Wosia wangu wa pili niliuchana vipande vinne juu ya meza ya Zenon, msaidizi wa kisheria pale Laela, nikamsukumia vyote kama mtu anayekabidhi nyoka aliyekufa.

"Haya! Sasa ule wa kwanza umefufuka," nikamwambia.

Zenon akavua miwani. "Hapana, mama Silvana. Wa kwanza uliuua mwenyewe siku uliposaini wa pili. Kuuchana wa pili hakuufufui wa kwanza. Sasa hivi huna wosia hata mmoja."

Ala! Mimi, niliyemaliza darasa la saba wakati wenzangu wakiozwa, nimejivua nguo mwenyewe! "Na nikifa leo?"

"Shamba litagawanywa na ukoo. Na mwana wa kiume, Felisian, ndiye atakayepata fungu kubwa."

Shamba lile ni ekari tatu za matuta, yale ya duara ambayo sisi Wafipa tunafukia nyasi ndani yake zioze. Mbolea ya dukani haijawahi kuingia pale, na mahindi yangu humfunika mtu mzima. Nasema kwa majivuno, anayetaka kununa na anune. Tangu mume wangu afariki, aliyeyainua matuta pamoja nami ni Jovina, kitindamimba wangu. Ndiyo maana wosia wa kwanza ulimpa yeye.

Kisha akaolewa na Kija, Msukuma, mtoto wa watu wa ng'ombe na plau. Nikaona kwato juu ya matuta yangu hata kabla ng'ombe mmoja hajafika. Kwa hasira nikaandika wa pili, shamba liende kwa Felisian, tena mbele ya shemeji yangu Teodori, ndugu wa marehemu mume wangu, nikatamka kwamba Jovina ametupa jembe la nyumba hii.

Hasira hasara. Mwezi uliopita Felisian alikuja kutoka Sumbawanga na mnunuzi mwenye futi ya kupimia, na mimi bado napumua! Siku hiyohiyo Jovina, aliyejua fika kwamba nimemfuta, alikuwa shambani akiinua matuta. Pembeni yake Kija, jembe mkononi, anakosea, anabomoa, anaanza upya. Nililizunguka tuta la mwisho la Kija nikitafuta kasoro. Sikuiona.

"Unaandikwa upya," Zenon akasema. "Maneno yanaweza kuwa yaleyale, lakini lazima usaini tena mbele ya mashahidi wasiorithi. Mmoja wa ukoo, mmoja wa nje. Wa nje nitakuwa mimi."

Na wa ukoo ni nani kama si Teodori? Afadhali ningeambiwa niipande milima ya Mbizi kwa magoti. Katika miaka yangu sabini na mmoja sijamwambia mtu "nimekosa" nje ya kitubio.

Teodori alikuja, akausoma wosia mara mbili, akaweka kalamu chini.

"Shemeji, mwaka juzi ulinifanya shahidi kwamba Jovina ametupa jembe. Leo niwe shahidi wa nini?"

Zenon akajifanya anatafuta wino wa muhuri. Ningeweza kuinuka nikaenda zangu. Kiburi changu kingebaki kizima, na shamba lingekwenda kwa mwenye futi. Nikamtazama shemeji usoni.

"Kwamba nilisema uongo kwa hasira. Mwanangu hajatupa jembe. Amemfundisha hata mumewe kulishika, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Saini."

Nikachukua kalamu nikasaini kwanza mbele yao; Teodori akasaini polepole baada yangu, kisha Zenon.

Nilifika shambani jua likiwa bado juu, nimejaa fahari hadi kilemba kinanibana. Nikapanda juu ya tuta jipya nipate kuyaona yote, safu kwa safu mpaka bondeni. Yalikuwa mazuri, jamani, kuliko niliyowahi kuinua mimi.

"Mama," Jovina akaita bila kunyoosha mgongo, "unalikanyaga hilo tuta. Kija amelimaliza sasa hivi."

Nikafungua mdomo nimkumbushe kwamba shamba ni langu mpaka siku nitakayozikwa.

Nikaufunga, nikashuka.