Kilio cha Mtu Hai

Tume ya ulemavu ya mkoa wa Naryn ilikuwa na tabia moja: iliwaita wagonjwa asubuhi. Saa tatu uwe umeshakaa kwenye benchi la ukumbini, na saa sita wakubwa wanakwenda kula. Kwa kipofu haina neno, kipofu ni kipofu saa zote. Lakini Zuurakan aliumwa ugonjwa ambao, mkoa mzima, waliwahi kuumwa watu wawili, na mwenzake alikwisha kuzikwa. Akiamka yuko mzima kama wewe. Kila anapoutumia msuli, msuli unakata tamaa: kope zinashuka, taya linalegea, chai inatokea puani, na siku ikiwa mbaya kifua nacho kinasahau kazi yake. Usingizi na kidonge humrudishia nguvu, basi asubuhi alifika mbele ya tume na uso wa bibi harusi. Mara mbili walikuwa wamemrudisha nyumbani.

Safari hii hakukuwa na nafasi ya mara ya nne. Kopo lilikuwa na vidonge vya siku kumi na moja. Bila muhuri wa kundi la pili la ulemavu duka la dawa la serikali halimpi vingine, na bila vidonge hana pumzi.

"Leo usimeze," mdogo wake Salkyn alimwambia alfajiri. "Wakuone ulivyo."

"Wakiniweka sana pale benchini nitakata roho. Wataandika nimekufa nikiwa mzima."

Akameza. Salkyn akatia bomba la sindano ya dharura mkobani, kama kila siku. Kuchoma sindano alijifunzia kwa kondoo.

Tume ilikuwa ya watu watatu kwenye karatasi, wawili mezani. Mwenyekiti, Daktari Sharshenbek, alikuwa na shingo ya mtu anayekula vizuri. Kando yake alikaa Tursunai, karani, mwenye kalamu na muhuri.

"Inua mikono. Shusha. Fumba macho. Fumbua. Mbona mzima?"

"Ni asubuhi, daktari."

"Kumbe unaumwa kwa saa? Saa tatu mzima, saa tisa mgonjwa? Hata basi la hapa halifuati saa hivyo."

"Madaktari wa mji mkuu, wa Bishkek, wameandika hapo yote."

"Wa Bishkek wanaandika. Mimi naona." Alilisukuma faili kwa kidole kimoja. "Tena nimesikia. Mwezi wa tano mamangu alipofariki, nani alimlilia ndani ya hema la msiba? Sauti ilivuka mto! Watu wa ng'ambo walishuka kwenye farasi. Huyo ndiye mgonjwa wa kifua?"

"Si wewe uliyetuma gari kumchukua?" Salkyn alifoka kutoka mlangoni.

"Wewe nani amekuuliza?"

Daktari alituma gari, tena mara mbili. Mara ya kwanza Zuurakan alikataa. Mara ya pili alikuja shangazi wa daktari mwenyewe, akapiga magoti, akasema mama wa watu atazikwa kama mbwa wa njiani, maana hakuna mwanamke mwingine bonde lile anayejua kumlilia mtu kwa maneno yanayomstahili. Zuurakan akaenda. Aliimba robo saa, kisha Salkyn akamburuta nyuma ya hema, akamshikia kichwa huku mate yakimtoka asiweze kuyameza. Siku nne hakuinuka kitandani. Daktari alikuwa nje na wanaume wenzake, ameegemea fimbo yake ya msiba kama ilivyo desturi, analia kwa raha zake. Shukrani ya punda ni mateke, lakini angalau punda hajasomea udaktari.

"Andika: hastahili," daktari alimwambia karani. "Na umwite anayefuata."

Zuurakan alisikia hasira ikimpanda tangu nyayoni. Siku kumi na moja! Mtu huyu alikuwa ameila sauti yake msibani, sasa anaitapika mezani iwe ushahidi. Akainuka, akakigeuza kiti, akakaa akiwapa mgongo, uso ukutani, mikono miwili kiunoni. Tursunai alidondosha kalamu. Ukaaji ule kila mwanamke wa Naryn anaujua, na hakuna anayeukaa ila maiti ikiwa ndani.

*Farasi yu mlangoni,*
*tandiko halina mtu;*
*kalamu iko mezani,*
*mwenye mkono hayuko.*

"Dada, acha mzaha," daktari alisema akicheka.

*Ewe Sharshenbek, pumzika…*

Kicheko kikakatika. Mtu hai haliliwi. Kumlilia ni kumfungulia mlango atoke. Daktari, aliyesoma miaka saba na kuning'iniza vyeti vyake ukutani palepale alipoelekea Zuurakan, akajitemea mate kifuani mara tatu kufukuza mkosi, tfu, tfu, tfu.

Sauti ilipanda ikatoka hadi ukumbini. Kule benchini wagonjwa walisikia kilio, wakafanya wanavyofanya watu wenye adabu. Mzee mmoja wa mguu wa bandia akasimama, akaegemea mkongojo wake, akapaza sauti, "Ndugu yanguuu! Mlima wangu umeanguka!" Wa pili akampokea. Hawakujua kafa nani, lakini hilo ni la kuuliza baadaye.

"Nyamazeni! Sijafa!" daktari alipiga kelele mlangoni.

"Nani kafa?" mzee aliuliza.

"Hakuna!"

"Mungu amrehemu," mzee akasema, akaendelea kulia.

*Aliyepima wagonjwa*
*leo kapimiwa shimo…*

Hapo ndipo sauti ilipoanza kuondoka. Kwanza maneno yalihamia puani. Zuurakan akaweka ngumi chini ya kidevu kulishikilia taya. Kope zikashuka, akaiinua moja kwa kidole, akaendelea, lakini kilichotoka kilikuwa ukungu tu. Kichwa kikaanguka kifuani. Mabega yakapanda na kushuka yakitafuta hewa.

Salkyn alimchoma sindano pajani juu ya nguo, akamshika kichwa.

Daktari alikuwa amekwenda upande wa ukuta, amechuchumaa mbele ya Zuurakan, jasho linamtiririka. "Malizia! Kilio kina beti la mwisho, la kumkabidhi mtu kwa Mungu na kuufunga mlango. Usiniache shimoni, dada. Malizia!"

Zuurakan alimtazama kwa jicho moja lililobaki wazi kidogo.

Tursunai aliokota kalamu. Alikuwa ameshaandika *hasta*, akasimama hapo. Akauliza kwa sauti ya kikarani kabisa: "Niandike nini, daktari? Ameshindwa kuendelea, au amekataa?"

Daktari akapiga hesabu. Kama amekataa, basi mwanamke huyu amemfukia kwa kusudi, mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Kama ameshindwa, ni mgonjwa.

Ukumbini walikuwa bado wanamlilia.

"Ameshindwa," alisema.

"Kwa hiyo kundi la pili?"

"La pili." Alijiinua akishikilia ukuta, na aliposhika kiti chake alikumbuka yeye ni nani. "La mwaka mmoja tu! Mwakani aje tena athibitishe kama bado anaumwa."

Ugonjwa wenyewe hauponi, faili lilisema hivyo ukurasa wa kwanza. Tursunai aligonga muhuri kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Ilipita nusu saa kabla sindano haijampa Zuurakan shingo yake. Aliikunja karatasi, akaitia kifuani, akasimama kwa mkono wa mdogo wake. Daktari alikuwa hajaita mtu mwingine.

"Sasa unaweza," alisema polepole. "Beti moja tu, dada. Tafadhali."

Zuurakan alijaribu ulimi wake kwanza, kama ajaribuye maji ya moto.

"Mwakani, mdogo wangu," alimwambia daktari. "Asubuhi, saa tatu. Nitakuja nalo."